Uwanda wa maua wa kudumu: bustani inayotaka njaa

Pakiti ya mbegu huwa na picha tamu: maua mekundu, ya buluu na ya njano yamechanganyika kama kanga zilizoanikwa kambani. Mtu anainunua, anaparura udongo kidogo kwa reki, anamwaga mbegu, na kweli, baada ya miezi miwili mitatu bustani inawaka. Wapita njia wanasimama kupiga picha. Mwaka unaofuata anasubiri, na kinachotoka ni popi nne na nyasi tele. Mwaka wa tatu hata hizo nne hazipo. Anaapa kwamba aliuziwa mbegu mbovu. Mbegu hazikuwa na kosa. Alivishwa kilemba cha ukoka, na ukoka wenyewe ukafuata.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba vitu viwili tofauti vinaitwa kwa jina moja, "maua ya porini". Popi nyekundu (Papaver rhoeas) na lile ua la buluu la Centaurea cyanus ni mimea ya msimu mmoja. Inaota, inachanua, inadondosha mbegu na kufa. Makao yake ya asili ni ardhi iliyochimbuliwa, ndiyo maana kwa karne nyingi iliandamana na jembe katika mashamba ya nafaka. Mbegu zake hutaka udongo uliofunuliwa, ulio wazi kwa jua. Usipouchimbua kila mwaka, nyasi huziba kila tundu na mchezo unaishia hapo. Uwanda wa kudumu huenda kinyume kabisa: ukishapandwa, jembe halirudi tena. Mmea uleule hufa juu, hubaki hai chini, na kuchipua tena kwenye mzizi wake mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, soma orodha ya mimea nyuma ya pakiti. Picha ya mbele haitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili unayonunua.

Sina ugomvi na maua ya msimu mmoja. Kwa anayetaka rangi ya haraka mbele ya nyumba, yanafaa sana. Ila hilo ni tuta la kulimwa kila mwaka, na makala haya yanahusu kitu kingine.

Adui ni rutuba

Kila aliyewahi kulima bustani amefunzwa jambo moja tangu mwanzo: ulishe udongo. Ongeza samadi, ongeza mboji, ukipata mbolea weka. Mimi mwenyewe nilipoanza nilimwaga ndoo kadhaa za mboji mahali nilipotaka maua, nikajipongeza. Nilivuna nyasi zilizonifika kiunoni.

Ushahidi mzuri kuliko wa ndoo zangu uko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza. Mwaka 1856 John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waligawa konde la nyasi katika vipande. Vingine walivitia mbolea za namna mbalimbali, vingine wakaviacha bila kitu. Nia yao ilikuwa kujua mbolea ipi huongeza majani ya kulisha mifugo. Walilipata jibu lao, lakini wakaona na jambo jingine ambalo hawakulitafuta: vipande vilianza kutofautiana sura baada ya miaka michache tu. Jaribio hilo linaendelea hadi leo. Vipande visivyowahi kutiwa mbolea vina takriban aina 40 za mimea. Vilivyoshindiliwa naitrojeni ya chumvi za amonia, ambayo pia huchachua udongo, vingine vimebaki na aina mbili au tatu, na ni nyasi.

Vita hivyo hupiganwa juu ya mwanga. Nyasi zikipata naitrojeni hurefusha majani upesi kuliko mmea mwingine wowote jirani. Maua mengi ya uwanda huanza maisha yakiwa duara la majani lililolala chini, limebana udongo. Nyasi zikipanda kwa kasi, duara hilo linabaki gizani, linapauka, linaoza. Udongo ukiwa maskini, nyasi haziwezi kukimbia hivyo. Kila mmoja anakua polepole, mwanga unafika chini, na wanyonge wanapata nafasi. Katika udongo wa namna hiyo hakuna mwenye nguvu za kumfukuza mwenzake, na hapo ndipo wingi wa maua unapotoka.

Hesabu hiyohiyo inaeleza yaliyoikuta England na Wales, ambako takriban asilimia 97 ya makonde ya maua ya nyanda za chini yalipotea kati ya miaka ya 1930 na 1984. Mengi yalilimwa, na mengine mengi yalitiwa mbolea tu. Hayakuhitaji kuwekwa sumu.

Katika bustani ya nyumbani, mkorofi mkubwa ni fosforasi. Naitrojeni huoshwa na mvua, lakini fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana mahali palipokuwa tuta la mboga ndipo pabaya zaidi pa kuanzia, hata kama panaonekana ndipo pazuri. Pia fosforasi huinenepesha mimea ya jamii ya mikunde, kama klova, nayo hutega naitrojeni ya hewani na kuiingiza udongoni, kisha nyasi zinaila. Umefukuza mbolea mlangoni, imerudi dirishani.

Unaweza kupeleka udongo maabara, na inafaa. Lakini macho pia hupima. Kama panaota viwavi vinene (ile mimea inayowasha ngozi), majani mapana na nyasi za kijani kizito, pana rutuba nyingi. Kama nyasi ni haba, zimepauka, na kuna vijimea vidogo vidogo katikati yake, hapo umebahatika. Kona ile ya bustani uliyoikatia tamaa kwa kuwa kila kitu hudumaa, anzia hapo.

Kuufukarisha udongo

Njia ya taratibu ni kukata nyasi na kuziondoa kila mara, miaka miwili au mitatu, bila kurudisha chochote. Kila mzigo unaoutoa umebeba virutubisho. Inafanya kazi vizuri kwa naitrojeni, kwa fosforasi inakwenda kwa mwendo wa kobe.

Njia ya nguvu ni kuondoa tabaka lote la juu, nyasi na mizizi yake pamoja na udongo wa sentimita 5 hadi 10. Kazi hiyo inavunja mgongo, na lazima ujue mapema ule udongo utaupeleka wapi. Lakini kwa eneo dogo sioni inayoishinda, kwa sababu inaondoa rutuba na mbegu za magugu kwa pigo moja.

Ya tatu hushangaza watu: kufunika udongo kwa mchanga au kokoto laini, unene wa sentimita 7 hadi 10, na kupanda humohumo. James Hitchmough wa Chuo Kikuu cha Sheffield, ambaye pamoja na Nigel Dunnett alibuni nyanda za maua za Bustani ya Olimpiki ya London mwaka 2012, ameitumia sana mbinu ya tabaka la mchanga. Mbegu za magugu zilizolala chini haziwezi kupenya tabaka hilo, konokono hawapendi kutambaa juu yake, na mizizi ya mimea uliyopanda inashuka taratibu hadi kwenye udongo halisi. Gharama yake ni maji. Wiki za mwanzo mchanga hukauka upesi, na mbegu iliyopasuka ikikauka haina maisha ya pili.

Chochote utakachochagua, usilime kwa kina. Chini ya kila bustani kuna ghala la mbegu zinazosubiri. Mwaka 1879 William James Beal, profesa wa botania huko Michigan, Marekani, alifukia chupa 20 zenye mchanga na mbegu za mimea ya kawaida, ili zifukuliwe moja moja na kujaribiwa kama zinaota. Chupa ya mwaka 2021 ilifukuliwa baada ya miaka 142, na mbegu za Verbascum zilizokuwamo zikaota. Sasa fikiria unachokiamsha unapopindua udongo kwa jembe. Afadhali upembue juu juu, usubiri wiki chache magugu yaliyo karibu yachipue, uyakwangue kwa jembe jepesi bila kupindua, kisha urudie. Mara mbili au tatu hupunguza magugu vya kutosha. Mwenye subira zaidi hufunika eneo kwa turubai nyeusi msimu mzima wa ukuaji.

Kiduha chenye faida

Msomaji anayekijua kiduha, kile kimelea cha maua ya zambarau kinachonyonya mahindi na mtama shambani, atashtuka kusikia kwamba watunza nyanda za maua Ulaya hupanda ndugu yake kwa makusudi. Huyu ni Rhinanthus minor, wa familia ileile ya Orobanchaceae. Ana majani yake ya kijani na hujitengenezea sehemu ya chakula, lakini mizizi yake huishika mizizi ya nyasi na kufyonza maji na chumvi. Nyasi hazifi, ila hudhoofika na kubaki fupi. Penye Rhinanthus ya kutosha uwanda huonekana kama nywele zilizopunguzwa na kinyozi mzuri, na maua yanajipenyeza kwenye nafasi hizo.

Ukomavu wake unausikia kwa sikio. Vifuko vyake hukauka vikawa kama karatasi, mbegu bapa zikabaki ndani zikicheza, na ukipita katikati yake mwishoni mwa kiangazi miguu yako inapiga kayamba. Sauti hiyo ndiyo ruhusa ya kufyeka. Ukifyeka kabla yake umeimaliza, kwa sababu Rhinanthus ni ya msimu mmoja na mbegu zake hazikai udongoni muda mrefu. Kosa la mwaka mmoja linatosha kuifuta.

Si ya kila mahali, hata hivyo. Mbegu hutaka miezi kadhaa ya ubaridi wenye unyevu kabla ya kuota, kwa hiyo Ulaya humwagwa wakati wa vuli. Zikimwagwa mwanzoni mwa majira ya joto hazitoki. Pasipo na majira ya baridi hazitoki kabisa. Na kuhamisha kimelea kutoka bara moja kwenda jingine ni ujinga ambao jamii ya kiduha imeshautolea somo la kutosha. Amerika Kaskazini, kwa mfano, wapo wanaotumia Pedicularis canadensis, mmea wa kwao wenye tabia hiyohiyo.

Nani apandwe

Majina ya kitaalamu nayarudia makusudi. Majina ya mitaani hubadilika kila baada ya kilima, na muuzaji mmoja anaweza kukupa kitu kingine kabisa kwa jina lilelile.

Mchanganyiko wa kawaida wa Ulaya huwa na nyasi asilimia 80 na maua asilimia 20 kwa uzito. Wengi hukasirika wakiona hesabu hiyo: nalipia maua, wananipa nyasi? Lakini nyasi za upole kama Festuca rubra, Cynosurus cristatus na Agrostis capillaris hufunika ardhi ili magugu yasipate upenyo, hushikilia mashina ya maua yasilale upepo ukivuma, na huwapa viwavi wa vipepeo chakula. Wa kuepukwa ni Lolium perenne, nyasi ya viwanja vya michezo, ambayo ikipata rutuba kidogo haimwachii mtu.

Kwa upande wa maua, unataka mimea inayopokezana zamu. Ulaya, Lotus corniculatus na Leucanthemum vulgare hutangulia, kisha Knautia arvensis na Centaurea nigra huendelea hadi mwishoni mwa kiangazi, wakati nyuki wengi wameanza kukosa pa kwenda. Lakini Leucanthemum hiyohiyo, nyeupe yenye moyo wa njano, ambayo Ulaya ni mwenyeji mpendwa, huko Amerika Kaskazini na Australia ni mvamizi anayesumbua malisho. Anayepanda kwenye mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini atafute Echinacea, Rudbeckia, Liatris na nyasi ya Schizachyrium scoparium. Na mahali ambapo mwaka hugawanywa na mvua badala ya baridi, kanuni haibadiliki: angalia maua ya kudumu yanayoota yenyewe kando ya njia, kwenye udongo dhaifu, bila kumwagiliwa. Chukua mbegu kiasi pale panaporuhusiwa, na uzipande mvua zikikaribia.

Siku ya kumwaga

Gramu 4 kwa mita moja ya mraba zinatosha kwa mchanganyiko wenye nyasi. Kwa eneo la mita 20 za mraba hizo ni gramu 80. Ukizimimina kwenye bakuli unaona aibu, ni kama konzi mbili. Kishawishi cha kuongeza ni kikubwa, nacho ni cha kukataliwa: miche ikisongamana, wenye mbio huwameza wapole. Tena mbegu hazilingani hata kidogo. Gramu moja ya Origanum vulgare ina mbegu karibu 10,000, vumbi tupu, wakati gramu moja ya Centaurea nigra ina mia chache.

Changanya mbegu na mchanga mkavu mara kumi ya ujazo wake, na uukoroge tena kila mara kwa sababu mbegu nzito huzama chini ya ndoo. Gawa mafungu mawili. La kwanza limwage ukitembea kwa urefu, la pili kwa upana. Mchanga ule mweupe juu ya udongo mweusi unakuonyesha ulikopita na ulikoruka. Kisha usifukie. Mbegu nyingi kati ya hizo hutaka mwanga. Kanyaga tu, hatua kwa hatua, mpaka eneo zima liwe na alama za viatu.

Asiyetaka kung'oa nyasi alizonazo anaweza kupanda miche midogo katikati yake, kwa makundi ya mitatu hadi mitano ya aina moja. Mbegu zinazomwagwa juu ya nyasi zilizofunga huishia kuwa chakula cha ndege.

Mwaka wa kukata tamaa

Wakulima wa mbuga za Amerika Kaskazini wana msemo: mwaka wa kwanza unalala, wa pili unatambaa, wa tatu unaruka. Ule wa kulala ndio unaoua nyanda nyingi, kwa sababu mwenye bustani anaona magugu tu na analima upya.

Piga magoti. Tenganisha magugu kwa vidole, utazame chini kabisa. Utaona viduara vya majani vya ukubwa wa sarafu, vingine vyenye manyoya, vingine vimepasuka kingo kama unyoya wa kuku. Ndiyo miche yako. Chimbua mmoja kwa uangalifu mwisho wa msimu: juu kuna majani matatu yasiyozidi kucha ya kidole gumba, chini kuna mzizi mrefu kuliko kidole chenyewe. Mmea umejenga msingi, paa litakuja baadaye.

Kazi yako mwaka huo ni kukata. Kila magugu yanapofika sentimita 10 hadi 15, yashushe hadi 5, na uyaondoe. Mkono unasita, maana unahisi unakata watoto wako. Lakini viduara vimelala chini ya wembe, na kinachokatwa ni kile kinachovizibia mwanga. Kwenye mbuga za Amerika Kaskazini hukatwa juu zaidi, sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa miche ya huko husimama mapema.

Fyeko la mwaka

Kuanzia mwaka wa pili fyeko kuu ni moja, baada ya maua mengi kudondosha mbegu. Kaskazini mwa Ulaya hiyo ni kati ya mwisho wa Julai na Septemba. Penye misimu ya mvua ni mwanzoni mwa ukavu, majani yakishageuka rangi. Fyekeo lililonolewa au mashine ya kamba hufanya kazi. Mashine ya kawaida ya kukatia nyasi hukabwa koo na majani marefu. Tembea kwanza kutazama viota, kisha anza katikati ukielekea nje, ili vyura na wadudu wapate pa kukimbilia.

Yaache majani yalale siku tatu hadi saba yakikauka, mbegu zimalizie kudondoka, halafu yaondoe yote. Hili halina mjadala. Ukiyaacha yaoze umetia mbolea kwa mkono wako mwenyewe, na umefunika viduara kwa godoro. Yapeleke kwenye lundo la mboji. Bakiza kipande kimoja bila kufyeka, na mwaka ujao kihamishe, maana wadudu wengi hulala ndani ya mashina makavu.

Kuhusu majirani wanaodhani umehama nyumba: fyeka ukanda safi kuzunguka uwanda na kijia kimoja katikati. Mtaalamu wa mandhari Joan Nassauer alieleza jambo hili mwaka 1995. Watu huvumilia mimea iliyochanganyikana ilimradi waone dalili kwamba kuna mtu anaitunza, na ukingo ulionyooka ni dalili tosha.

Usitarajie uwanda ubaki na sura moja. Ulaya, Leucanthemum hutawala mwaka wa pili na wa tatu mpaka mtu anadhani ameharibu kila kitu, kisha hupungua yenyewe wengine wanapokomaa. Unachoweza kufanya ni kutumia ile siku ya kuondoa majani. Reki ikipita kwa nguvu huacha makovu ya udongo mtupu, ya upana wa kiganja, hapa na pale. Weka akiba ya mbegu za wale waliochelewa kujitokeza, umwage konzi ndogo kwenye kila kovu, na ukanyage.